Wakwe wanalea mjukuu Guangzhou, bima yao iko Henan

Swali: Mke wangu ni Mchina, kwao ni kijijini, mkoa wa Henan. Wazazi wake wamehamia kwetu Guangzhou, jiji la mkoa mwingine, kutulelea mtoto. Mama mkwe ana kisukari, baba mkwe ana presha. Bima yao ya afya ni ya wakazi wa kwao. Watatibiwaje huku?

Jibu: Bima hiyo hufuata mahali walikoandikishwa, haimfuati mjukuu. Kwa hiyo anzieni Henan. Magonjwa yao yaandikishwe huko kwanza kama maradhi sugu yanayotibiwa bila kulazwa. Hatua hii ndiyo inayosahaulika sana, na bila hiyo dawa za kila mwezi huenda mkalipa wenyewe hata kama usajili mwingine wote umekamilika.

Kisha fungueni programu ya taifa ya bima ya afya kwenye simu (Guojia Yibao Fuwu Pingtai), mwasajili kutibiwa nje ya mkoa. Chagueni kundi la wanaoishi kwa muda mrefu, mkiambatanisha kibali cha ukaazi cha Guangzhou. Msichague la wasafiri wa muda: asiye na rufaa wala dharura anaweza kukatwa kiwango cha fidia kwa pointi za asilimia zisizozidi 20, wakati mkaazi wa muda mrefu kwa kawaida hulipiwa kwa kiwango cha kwao. Orodha ya dawa na huduma zinazolipiwa ni ya Guangzhou. Viwango vya fidia ni vya Henan. Msishangae basi risiti yenu ikitofautiana na ya jirani.

Si kila hospitali inayopokea bima za mikoa mingine inaipokea pia kwa kisukari na presha bila kulazwa. Tafuteni kwenye programu hiyo hiyo, kwa jina la ugonjwa.

Mchango wa mwaka, yuani 400 kwa mtu mwaka 2025, hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, wakati wazee wako mbali na mwenyekiti wa kijiji. Lipeni kwa simu. Tangu 2025 aliyekatiza husubiri miezi 3 kabla ya kulipiwa tena, na kila mwaka wa ziada aliokatiza humwongezea mwezi.

Akilazwa mmoja kabla hamjasajili, bado mnaweza kusajili kabla ya kufunga hesabu ya kutoka hospitali. Mkishalipa taslimu, tunzeni risiti, mchanganuo wa gharama na muhtasari wa matibabu, mkadai Henan.