Maswali ya Wasomaji: Mtaalamu wa fengi shui hupima nini katika jengo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Mwanga, Kigoma. Kaka yangu, ambaye hufuata bidhaa Guangzhou, Uchina, anajenga ghorofa moja kwenye mteremko unaotazama Ziwa Tanganyika. Chini yatakuwa maduka na juu itakaa familia. Amepata mtu wa kumfanyia tathmini ya fengi shui kabla ya kupaua, naye anadai ramani ya jengo pamoja na tarehe za kuzaliwa za wote watakaoishi humo. Mama yetu anauliza kama huo si uganga. Naomba mtueleze kazi hiyo hufanywaje.

JIBU: Ndugu msomaji, fengi shui ni desturi ya kale ya Kichina ya kuchagua mahali pa kujenga na kupanga jengo kwa kufuata mwendo wa chi, nguvu ambayo wanaoiamini husema hupita katika ardhi, upepo na maji. Sayansi haijaithibitisha nguvu hiyo, kwa hiyo mama hajakosea kuuliza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tathmini yenyewe ni kutazama na kupima, na hiyo mnaweza kuifuatilia kwa macho yenu.

Mtaalamu makini haanzii ndani. Huzunguka nje kwanza, akiangalia kilima kiko upande gani, maji yako wapi, majirani wamejenga kwa kimo gani, na kama kuna barabara inayokuja moja kwa moja hadi mlangoni, jambo ambalo mafundisho haya hulichukia. Mahali panaposifiwa ni penye mwinuko nyuma, miinuko midogo kushoto na kulia, na uwazi wenye maji mbele. Kwa kipimo hicho kiwanja cha kaka yako hakina kasoro, maana vilima viko nyuma na ziwa liko mbele. Lakini ziwa letu liko magharibi, na upande huo ndio unaopigwa na jua la alasiri. Mtaalamu asiyetaja baraza pana wala kivuli atakuwa amesoma vitabu bila kusoma kiwanja. Vilevile, ikiwa kiwanja kimeshuka karibu na ufuko, liko jambo linalotangulia yote haya: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni mwa ziwa.

Baada ya hapo hutolewa luopani, dira yenye sindano katikati na duara nyingi za maandishi kuizunguka. Duara inayotumika zaidi hugawa nyuzi 360 katika sehemu 24, kila moja ikiwa na nyuzi 15, kwa hiyo kosa la nyuzi chache karibu na mpaka hubadilisha hukumu nzima. Nondo, mabati na magari huivuta sindano. Ndiyo maana vipimo huchukuliwa mahali kadhaa, vingine mbali kidogo na jengo, kisha hulinganishwa. Mwulizeni pia ni upande gani anaouhesabu kuwa uso wa jengo. Maduka yakitazama barabara na baraza la juu likitazama ziwa, wataalamu wawili wanaweza kutoa majibu mawili, na kila mmoja anapaswa kueleza sababu yake.

Ramani hugawanywa katika sehemu tisa, yaani pande nane na kitovu, kisha huingia hesabu ya wakati. Shule moja ya fengi shui, yaani mkondo mmoja wa mafundisho yake, hugawa miaka 180 katika vipindi tisa vya miaka 20, na kipindi cha tisa kilianza mwaka 2024. Wengine huhesabu mwaka jengo lilipokamilika, wengine mwaka wenyewe walipohamia. Kwetu, ambako msingi huweza kusubiri bati kwa miaka mingi, swali hilo si dogo hata kidogo. Tarehe za kuzaliwa ni za shule nyingine, ambayo kwa mwaka na jinsia humpa kila mtu namba yenye pande nne njema na nne mbaya. Mume na mke hupata pande zinazopingana mara nyingi tu, na hapo kitanda kinakuwa suala la maelewano.

Mwisho hukaguliwa mlango mkuu, jiko, vitanda na ngazi, kisha huandikwa ripoti. Kumbukeni kwamba kanuni za pande zilikomaa Uchina, ambako jua la mchana huwa kusini na baridi hutoka kaskazini, ilhali Kigoma mwezi Juni jua la saa sita mchana liko kaskazini. Akishauri kuhamisha ukuta au ngazi, mhandisi aulizwe kwanza. Na akianza kuwauzia vioo na sanamu, hofu ya mama itakuwa imepata msingi.

SWALI: Niko Tabora. Nimeambiwa tathmini inaweza kufanywa kwa picha na dira ya simu. Je, ni kweli?

JIBU: Kwa ramani yenye vipimo sahihi, sehemu ya hesabu inawezekana. Dira ya simu, hasa mtu akisimama chini ya bati au simu ikiwa na kava lenye sumaku, hupotoka kwa urahisi kuliko zile nyuzi 15 zinavyoruhusu. Toka nje hadi uwanjani, vua kava, pima mara kadhaa. Namba zikitofautiana sana, usilipe mpaka mtaalamu afike mwenyewe.