Nikisema kwenye mkutano wa mtaa, usiku si watanifata?

SWALI: Kaka, za kazi. Mie nipo Mbagala, nna genge la mbogamboga. Jumamosi mwenyekiti wa mtaa anatuitia mkutano na mkuu wa kituo cha polisi, ati tuseme kero za vibaka. Mkutano uliopita jirani yangu alisimama akamtaja kijana kwa jina, hata isha haijaadhiniwa mawe yanalia juu ya bati lake. Na mie nawajua wanaokwapua simu pale kona. Niseme au ninyamaze? Halafu mbona wakikamatwa kesho kutwa tunapishana nao? – Mama wa Genge

JIBU: Mama, nenda na useme, ila jina la mtu pale usilitaje. Mama yake huyo kijana kakaa viti vya mbele, binamu yake ndo anazungusha maiki, unategemea nini? Sema sehemu, saa na namna: kona fulani, saa kumi na moja alfajiri watu wakiwahi daladala, wanakuja wawili kwa bodaboda haina namba, na taa ya barabarani ilishakufa zamani. Hayo polisi anaweza kuyapangia doria na hakuna wa kukununia. Majina mpelekee pembeni mkaguzi wa polisi wa kata yenu, au nenda kituoni. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015, lakini sheria hailali na wewe chumbani, anza kujilinda mwenyewe.

Hilo la kuachiwa sasa. Polisi akimkamata mtu hawezi kumweka tu atakavyo, kuna kikomo cha saa 24, na dhamana kwa makosa mengi ni haki yake tena ni bure, kwahiyo sio kila anayerudi mtaani kahonga, japo wapo wanaohonga tusidanganyane. Ila na sisi bwana, mtu kaibiwa simu anapewa RB, ile namba ya taarifa yake polisi, anaikunja kwenye pochi, siku ya ushahidi hatokei, hakimu afanyeje? Muulize mkuu wa kituo hapohapo mbele ya watu, kesi za kona yetu zimefika wapi na ngapi zimekosa mashahidi.

Uliza na hela ya ulinzi shirikishi, wale vijana wa mtaa wanaolinda usiku, kama mnachangishwa risiti ziko wapi na hao vijana wanalinda mpaka saa ngapi. Polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda pamoja, tunaisikia toka 2006 enzi za mkuu wa polisi nchini, IGP Mwema, na bado mikutano mingi afande anaongea saa nzima mwananchi anapewa dakika mbili! Mwombe mtendaji wa mtaa aandike muhtasari, ahadi zote ziingie humo, na mkutano ujao uanze kwa kuusoma kabla afande hajashika maiki.

Wakija usiku piga 112. Na mkimshika mmoja msimpige, mpelekeni kituoni akiwa mzima, la sivyo kesi inawageukia nyie.