Umeokota simu, ufanyeje?

Maswali ya wiki hii yanafanana: watu wameokota simu na wanataka kuzirudisha bila kujitia matatani.

Nimeokota simu kwenye daladala ya Mbagala, ina namba ya siri. Niizime isije ikaniletea kesi? (Abiria, Temeke)

Tafadhali usiizime. Wezi ndio huzima, na saa hii mwenyewe huenda ameazima simu ya jirani anaipigia yake tena na tena. Ichaji, ongeza sauti, pokea kila anayepiga. Likitokea jina "Mama" au "Mke wangu", umefika. Simu nyingi pia zina sehemu ya dharura kwenye skrini iliyofungwa. Ibonyeze, huenda mwenyewe aliweka humo namba za watu wake wa karibu.

Laini usiitoe. Imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu, na mara nyingi ndiyo yenye pesa zake za M-Pesa au Airtel Money. Kuipachika kwenye simu yako, hata kwa nia njema, kunaleta maswali magumu. Jua pia kwamba mwenyewe akisharudisha laini, ile ya zamani inakufa na simu haitaita tena. Basi itazame skrini mara kwa mara: anaweza kuifunga akiwa mbali na kuweka ujumbe wenye namba ya kumpigia.

Konda alitaka nimwachie yeye. Nilikosea kukataa? (Huyo huyo)

Hukukosea, ila ungemwachia namba yako, kwa sababu mwenye simu atarudi kituoni kumtafuta konda. Kwenye mwendokasi au basi la mkoani lenye ofisi, kabidhi ofisini na uchukue jina la aliyepokea. Siku ikipita kimya, nenda polisi na mtu wa kukushuhudia, na usiondoke mpaka simu iandikwe kitabuni: aina, rangi, mahali na saa uliyoiokota.

Watu wawili wamepiga, kila mmoja anasema ni yake. (Mama lishe, Tanga)

Mama, hapa mafundisho ya Kiislamu kuhusu kitu kilichookotwa yanasaidia hata asiye Mwislamu. Mwokotaji hutakiwa kukijua vizuri kitu chenyewe, kisha akitangaze bila kumaliza sifa zake, ili anayedai ndiye azitaje. Nawe usiseme "nina Tecno nyeusi yenye ufa". Uliza: kava rangi gani? Picha ya mbele ni ya nani? Ufa uko upande gani? Kisha mwambie aifungue kwa namba yake ya siri mbele yako, mchana, penye watu. Kituo cha polisi ni pazuri zaidi.

Akikuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi, kata simu. Huyo anatafuta pesa za mwenye simu.

Nidai kiasi gani? (Bodaboda, Morogoro)

Nauli na mafuta uliyotumia, mwambie wazi. Hela ya soda akikupa kwa hiari, pokea kwa moyo mweupe. Lakini "tuma elfu hamsini kwanza" ni kumgeuza mwenzako mateka, na ujumbe huo utabaki kama ushahidi dhidi yako.

Miezi miwili imepita. Fundi anasema ataiflashi niitumie. (Kijana, Mwanza)

Usikubali. Kanuni ya Adhabu inamwangalia hata mwokotaji: ukijifanyia yako huku unamjua mwenyewe, au ungeweza kumpata kwa juhudi za kawaida, hiyo yaweza kuwa wizi. Na juhudi za kawaida kwa simu ni nyepesi: duka la mtandao wa laini ile lina usajili wake na linaweza kumtafuta mteja wake. Fundi akifika hadi kubadili IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, mtakuwa mmeongeza kosa lingine, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa hiyo anza na duka hilo. Ukikwama, ipeleke polisi na ueleze kwa nini umechelewa.