Kiingereza cha masikioni si kile cha daftarini

Vijana wengi wanaokuja kuomba kazi za hoteli hapa Unguja wana cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya Kiingereza. Barua wanaandika, vitabu wanasoma. Mgeni kutoka Uingereza akisimama mapokezi na kuwauliza jambo dogo, wanaganda, na jioni wanajilaumu kwamba hawana msamiati. Miaka yote niliyokaa mapokezi nimekuwa nikiwaambia mmoja mmoja, na leo naandika ili wasikie wengi: msamiati mnao. Kinachowashinda ni sauti, na sauti ina njia yake ya kujifunza.

Angalia tulivyofundishwa. Shule ya msingi ni kwa Kiswahili zaidi, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, nacho tunakipata ubaoni na kwa mwalimu anayekitamka kwa lafudhi ya kwetu. Mwalimu hana kosa, lafudhi yetu inaeleweka vizuri. Lakini Kiswahili kina irabu 5 tu, kila moja inatamkwa kamili popote ilipo, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu karibu 20, na zaidi ya hapo msemaji anameza silabi. Anatia nguvu kwenye maneno machache yenye habari, mengine anayapitisha haraka kwa sauti hafifu ambayo si "a" wala "e" wala "u". "What do you want to do?" haifiki sikioni ikiwa maneno sita. Inafika "wodyawanadu?" Ukiandikiwa sentensi hiyo unaielewa hapo hapo, ukiambiwa unadhani ni lugha nyingine.

Kwa hiyo acha kukimbizana na kila neno. Shika yale yaliyotamkwa kwa nguvu. Mgeni akisema haraka kwamba anataka teksi ya kwenda uwanja wa ndege kesho saa kumi na mbili asubuhi, yatakayosikika wazi ni "taxi", "airport", "six", "tomorrow". Hayo yanatosha kuanza kazi. Anayehangaika na "could" au "to" katikati, hiyo "six" itampita.

Mahali pa kuwa makini sana ni "can" na "can't". Mtu wa London husema "kaant" kwa kuvuta, huyo hana taabu. Mmarekani mara nyingi haiachii ile "t" ya mwisho, nawe unabaki huna uhakika kama amesema anaweza au hawezi. Sikiliza uzito. Neno likipita jepesi, karibu "kn", na nguvu ikaangukia kitenzi kinachofuata, anaweza. Likikaa zito, kwa irabu iliyo wazi, hawezi. Mimi jambo hili lilinisaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi. Tarakimu nazo hivyo hivyo: "thirteen" na "thirty" zinafanana mno, basi usikubali kubahatisha. Uliza "one three or three zero?" na hakuna mgeni atakayekuona mjinga. Na Mwingereza akikwambia "half seven" anamaanisha saa moja na nusu kwa saa zetu.

Kuna jambo lingine ambalo halitajwi sana, nalo linaleta mgogoro wa kweli kazini. Sisi ukituuliza "Maji bado hayajarudi?" tunajibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ndivyo, hayajarudi. Mzungumzaji wa Kiingereza akiuliza "The water's not back yet?" kisha ukamjibu "Yes", atapanda chumbani akitegemea kuoga. Kwake "No" ndiyo inayokubali kwamba hayajarudi. Nimeona wageni wakishuka na taulo mabegani, wamekasirika, wakiamini wamedanganywa, na kijana wa mapokezi amesema kweli tupu. Dawa yake ni kutojibu "yes" au "no" peke yake. Jibu sentensi nzima: "It's not back yet." Vivyo hivyo Mwingereza akikwambia "You all right?" anakusalimu tu, haoni kwamba unaumwa. Mjibu "Yes, thanks, and you?" na mambo yaendelee, kama sisi na mambo-poa zetu.

Sasa mazoezi. Yapo mengi, ila ninalolisimamia ni imla. Tafuta mazungumzo ya kawaida yenye maandishi yake. BBC Learning English wana kipindi cha dakika sita ambacho maneno yake yote yameandikwa, na ni bure. Usikimbilie kipindi kizima. Chukua kipande kifupi sana, sentensi mbili tatu, sikiliza bila kusoma, andika unachosikia hata kama ni matamshi matupu, rudia mpaka masikio yachoke. Ndipo ufungue maandishi ulinganishe. Pale ulipokosea ndipo penye somo: utaona neno unalolijua kabisa limejificha ndani ya sauti usiyoitegemea. Kisha litamke wewe mwenyewe kwa kasi ile ile, ulimeze kama wanavyolimeza. Ukiweza kulisema hivyo, sikio litalitambua likirudi.

Kwenye filamu, maandishi ya chini ya Kiswahili yatakufurahisha lakini hayatakufunza kusikia, kwa sababu jicho litafanya kazi yote. Weka ya Kiingereza, tena baada ya kusikiliza mara ya kwanza bila maandishi. Na hivi vipindi vinavyosomwa polepole ni vizuri kwa anayeanza. Sauti ya Amerika walianza vya kwao mwaka 1959, kwa maneno kama 1,500 tu na mwendo wa taratibu, na vimesaidia watu wengi duniani. Lakini usihamie humo. Mtu anayesoma polepole anatamka kila silabi, na tatizo letu ni zile zisizotamkwa.

Chagua pia lafudhi inayokuhusu. Mimi wageni wangu wengi ni Waitaliano, Wajerumani na Wapolandi, na hao Kiingereza chao ni cha kujifunza kama changu, tunaelewana haraka. Mtu wa Glasgow, kule Uskoti, ndiye anayenitaka nikae sawa. Ukiongoza wageni wa Marekani Serengeti, sikiliza Wamarekani.

Na usipoelewa, uliza. Najua kwetu ni haya kumrudisha mgeni nyuma, hasa mtu mzima, tunaona bora kutabasamu na kuitikia. Tabasamu hilo ndilo linaloleta chumba kisicho sahihi na gari lililochelewa. Tena usiseme "pardon?" peke yake, kwa kuwa atarudia yote kwa kasi ile ile. Rudia ulichokishika na umwachie nafasi: "You want the taxi at...?" Atajaza hilo moja tu, tena kwa sauti ya wazi.

Simu ni ngumu zaidi, huoni midomo wala mikono. Weka kalamu karibu, andika tarakimu huku ukizirudia kwa sauti, kisha mwombe akutumie ujumbe wa WhatsApp wenye jina, tarehe na saa kabla hujathibitisha chumba.