Ukurasa wa 403 na Saraka Iliyo kwenye Seva ya Mbali

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza kwa nini Apache yake, programu inayohudumia kurasa za wavuti, inajibu 403 (yaani umekatazwa) kwa kila ukurasa, ilhali yeye akiingia kwenye seva hiyohiyo huzisoma faili zote bila kizuizi. Faili zenyewe zimo katika saraka ya seva nyingine, iliyounganishwa kwa NFS, njia ya kutumia faili za seva nyingine kupitia mtandao. Swali hilo nalifahamu vizuri, maana lilinipatia heshima katika kazi ambayo mafundi walionitangulia waliipa kisogo wakisema mteja anunue seva mpya.

Mteja huyo alikuwa na seva mbili za wavuti zinazotumia saraka moja ya mbali, ili picha inayopakiwa kupitia ya kwanza ionekane mara moja kupitia ya pili. Nilianza na ruhusa. Katika mpangilio wa kawaida wa NFS, seva yenye faili humpima mtumiaji kwa namba yake, wala jina halimhusu. Apache kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, huendeshwa na mtumiaji www-data, namba 33, na kwenye Red Hat, aina nyingine, huendeshwa na mtumiaji apache, namba 48. Basi faili iliyoruhusiwa 33 pekee haitasomeka na 48. Kujaribu ukiwa root, msimamizi mkuu wa seva, nako hupotosha, kwa sababu root_squash, kanuni ya NFS ambayo huwapo usipoiondoa, humgeuza root kuwa mtumiaji asiye na mamlaka.

Nilisawazisha namba hizo, nikasoma faili kwa jina la apache kupitia sudo, amri ya kutenda kama mtumiaji mwingine, ikasomeka. Kivinjari kikaendelea kuonyesha 403. Hapa ndipo wenzangu walipokwama, na sitaficha kwamba nilifurahi. Mlinzi aliyebaki alikuwa SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi ndani ya Linux, ambayo huibana huduma ya Apache yenyewe na kuliacha jaribio la mtu aliyeingia kwa mkono lipite. Amri moja ya kuiruhusu Apache itumie NFS, setsebool -P httpd_use_nfs on, ilitosha. Fundi mmoja alidai baadaye kwamba nilibahatisha, ingawa kumbukumbu ya audit, faili linaloandika matukio ya ulinzi, ilikuwa imeandika kila katazo tangu mwanzo na yeye hakuifungua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote za faili. Haizimi SELinux, na inampa kila mtumiaji wa seva uwezo wa kubadilisha tovuti yenu. Someni kumbukumbu kwanza, tena someni kabla ya kugusa ruhusa yoyote.

Tovuti ikishafunguka, zimeni mpangilio wa Apache uitwao EnableMMAP kwa saraka hiyo, kwa kuwa faili ikifupishwa au kufutwa wakati Apache imeiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mchakato unaweza kuanguka. EnableSendfile, mpangilio mwingine wa kutuma faili, tayari imezimwa tangu toleo la 2.4, isipokuwa kama kuna aliyeiwasha. Wekeni pia AllowOverride None, la sivyo Apache itatafuta .htaccess, faili la mipangilio ya saraka, katika kila ngazi ya njia kwa kila ombi, na sehemu ya utafutaji huo huishia kwenye mtandao.

Kuhusu kuunganisha NFS kwa hard au soft, wengi hupenda soft kwa sababu seva ya mbali ikizimika hupata kosa upesi, wakati hard huiacha Apache ikisubiri hadi seva irudi. Mimi hukubali soft pale tu saraka inaposomwa bila kuandikwa. Kwa saraka inayopokea picha za wateja natumia hard, kwani soft inaweza kukatisha uandishi katikati na kuacha faili pungufu.