Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia ile laptopu nyembamba

Mwanangu mpendwa,

Swali lako limenifikia: ununue laptopu ya gemu iliyo nyembamba, upande nayo basi kila siku hapo Kinshasa kwenda chuo, au uchukue ile nene ya bei nafuu? Mama yako alitaka nikupigie simu tu. Nimeona heri niandike, kwa sababu jambo hili lina hesabu, na hesabu za simu husahaulika.

Nunua nyembamba. Yangu imeingia kwenye kumbi za harusi ngapi hapa Lubumbashi, mfuko mmoja na kamera, na nikirudi Katuba saa saba za usiku bado bega ninalo. Mzigo wa kila siku si jambo dogo, na wewe una michoro ya chuo mchana na gemu usiku.

Ila usinunue jina. Umeme wote unaoliwa na mashine hugeuka joto, na kwenye mwili mwembamba joto halina pa kwenda. Feni ndogo hukimbia mpaka zinapiga kelele. Zikishindwa, mashine inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Ndiyo maana Nvidia, wanaounda kadi za picha zinazochora gemu, wanawaachia watengenezaji wa laptopu kuipa kadi yao ya RTX 4060 ya laptopu wati 35 au 115, au kiasi chochote katikati. Jina ni lilelile, nguvu si ileile. Uliza wati. Na usiuze simu yako ili ufikie kadi ya juu yake, 4070: ile ya laptopu nayo ina GB 8 za kumbukumbu, sawa na 4060.

Angalia RAM pia, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine yenyewe, si ile ya kadi. Kwenye nyembamba nyingi imechomelewa kwenye bodi, kama ROG Zephyrus G14 ya 2024, ile ya kilo 1.5 uliyonitumia picha. Huwezi kuongeza baadaye. Kwa michoro yako chukua GB 32 tangu mwanzo, hata ukisubiri miezi miwili.

Sasa betri, na hapa nisikilize sana maana niliumia. Kwa kuogopa umeme kukatika, nilikuwa naiacha yangu kwenye chaja mchana na usiku, imejaa asilimia 100, ina moto. Siku moja kibao cha kugusa kikagoma kubonyea. Nikaiweka mezani, ikayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Fundi alipofungua, betri ilikuwa imevimba kama andazi, imesukuma kila kitu juu. Ukiona hivyo zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa, inaweza kuwaka. Betri mpya niliingoja wiki nyingi, na kazi za watu zikalala. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kwenye programu ya mashine, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80. Na usitegemee kucheza umeme ukikatika. Kwenye betri kadi hupewa nguvu kidogo tu, gemu inakwamakwama, na kabla hujakolea chaji imekwisha. Kusoma na kuandika, sawa.

Siku ileile fundi alitoa kwenye mapezi ya kupoozea, kwa kibanio, vumbi letu jekundu la kiangazi. Lilitoka kipande kimoja, kama kiraka cha blanketi. Baada ya hapo feni zilinyamaza, na video ambayo ilikuwa inakwama ikapita bila kusimama. Kwa hiyo ukija likizo mwezi wa saba usiiweke kitandani wala kwenye mkeka, inavuta hewa kwa chini. Tutaifungua pamoja kabla hujarudi.

Muuzaji akikuambia hajui wati za kadi, mwombe chaja uisome mgongoni. Ikiwa chaja nzima ni ya wati 100, hiyo kadi haiwezi kupata 100, prosesa na kioo navyo vinakula hapohapo. Nipigie picha hayo maandishi madogo unitumie kabla hujatoa pesa. Dola 150 nimekuwekea, ziko kwa mama yako.

Papa yako