Bibi Titi Mohamed na kadi iliyomo kashani

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kasha la marehemu bibi yangu nimekuta kadi yake ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Enzi za uhai wake alituambia kwamba Bibi Titi ndiye aliyewatoa jikoni, lakini simulizi ilipofika mwaka 1969 alinyamaza. Naomba kuelezwa maisha ya mama huyo, na sababu ya bibi kunyamaza. – Msomaji, Isevya, Tabora.

JIBU: Mola amrehemu bibi yako. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Wengi huipita habari hiyo ya ngoma kana kwamba ni pambo tu, nasi tunaamini wanakosea. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, na hapo ndipo Bibi Titi alipoombwa aongoze kitengo cha akina mama. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake ambao tayari walikuwa na wafuasi, michango na siku zao za kukutana, na kila mmoja akaja na watu wake, hata katika miezi michache kadi zikahesabiwa kwa maelfu. Jukwaa la siasa halikumtisha mtu aliyekwisha kuzoea kuitikiwa na umati.

Hapa Tabora, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU uliamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tunauita uamuzi wa busara, na tuna haki ya kujivunia. Lakini sheria ilimtaka mpiga kura awe na kiwango fulani cha elimu, kipato au wadhifa, kwa hiyo wanawake wengi waliokijaza chama, na huenda bibi yako akiwa mmoja wao, walikuwa na kadi bila kuwa na kura. Tungependa hilo nalo litajwe kila busara ile inaposifiwa.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge, waziri mdogo na mwenyekiti wa UWT, umoja wa wanawake. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 alijiuzulu nyadhifa za chama, kwa kuwa Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, naye alikuwa nazo za kupangisha. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na maofisa wa jeshi. Akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, kisha mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia huru. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Ukimya wa bibi yako tunaweza kuuelewa, kwani wakati ule kumsifu hadharani mtu aliyehukumiwa kwa uhaini halikuwa jambo jepesi. Ifungue kadi hiyo taratibu. Kama ndani mna kumbukumbu za ada, tazama iwapo aliendelea kulipa baada ya mwaka 1969, kisha utuandikie.